Kiti cha Nyuma ya Mkwe Wangu

Mimi ni mpishi wa mafundi. Pale Igoma kuna karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, ina mafundi kumi na wanne, na kazi yangu ni uji saa mbili asubuhi na ugali saa saba mchana. Niliishia darasa la nne. Ninaandika kama ninavyosema, na anayetaka maneno laini atafute kwingine.

Kazi iko Igoma lakini mimi silali Igoma. Nyumba yangu iko ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, kando ya barabara inayotoka Kamanga. Marehemu mume wangu aliijenga, kaburi lake liko nyuma yake, na sikuwa na mpango wa kuhamia chumba cha kupanga mjini nikiwa na miaka sitini na minne. Kwa hiyo kila siku, isipokuwa Jumapili, naenda na kurudi.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya maji. Unashuka Kamanga, unapanda kivuko, unatokea Mwanza mjini, kisha unatafuta usafiri wa Igoma. Ya pili ni ya barabara. Unazunguka hadi Busisi, unavuka daraja jipya, unafika Usagara, unakata kwenda Kisesa, unaingia Igoma kwa upande wa pili. Mwanangu wa kiume anaishi Morogoro na anafanya kazi Dar es Salaam. Huniambia kwa simu kwamba wenzake kila asubuhi wanabishana kipi bora, treni ya umeme au gari. Mimi humjibu kwamba ana bahati, kwa sababu treni na gari zote hazina ukoo. Hapo huwa haelewi nasema nini, na sijamweleza. Nitaeleza hapa.

Miaka yote nilipanda kivuko. Sikukipenda sana wala sikukichukia. Nilikuwa na mahali pangu, kwenye benchi la ukutani, pamoja na mama mmoja muuza karanga na mwingine anayefanya usafi ofisini mjini. Tulisemana, tulisinzia, mmoja akilala mwenzake anamshikia kikapu. Ubaya wa kivuko ni kwamba hakikutii wewe wala nahodha. Kinatii ziwa. Upepo ukivuma, mnasubiri. Magugumaji yakisukumwa na mawimbi yakajaa kwenye gati, mnasubiri katikati ya maji, mmezungukwa na majani kama mko shambani. Siku moja tulikaa hivyo mpaka jua likapanda. Naiona Mwanza, nayaona mawe yake, naona hadi watu wanaopiga mswaki nje ya nyumba zao mlimani, na sina la kufanya. Huwezi kushuka ukatembea. Muuza karanga akaniambia, "Mwenzangu, mafundi wako leo watakula vyuma." Nilicheka, huku nikitazama saa ya simu.

Nilifika Igoma saa nne. Bosi wa karakana ni mtu wa makamo, mpole, hapigi kelele. Alinivuta pembeni.

"Bibi, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini hii ni mara ya nne. Uji wa saa nne siyo uji tena."

"Ni ziwa, bosi."

"Najua ni ziwa. Mafundi hawalijui. Wanatoka kwenda kunywa chai huko nje, wanarudi saa tano, geti la mteja halijaisha. Ikitokea tena nitatafuta mtu wa hapa hapa."

Sikumchukia. Alisema kweli. Lakini ile kazi kwangu haikuwa uji tu. Mume wangu alipofariki, ukoo ulikaa wakasema nitatunzwa na binti yangu, yaani na mume wake, kwa kuwa wamejenga jirani nami. Nikasema mbele yao wote kwamba nina mikono miwili na mkwe hatanilisha. Kesho yake nikaenda kutafuta kazi. Kila chumvi iliyoingia nyumbani kwangu tangu siku ile nimeinunua mimi. Nikiipoteza kazi, ninakuwa mtu wa kuletewa.

Binti yangu alikuja jioni ile. Alikuwa ameshajua, habari za namna hiyo hazikawii.

"Mama, gari lipo. Kila asubuhi linapita mlangoni kwako na viti vinne vitupu."

Mume wake ni mtunza ghala la dawa za mifugo, hapo hapo Igoma. Daraja lilipofunguliwa alinunua gari dogo la mtumba, akaacha kivuko.

"Nimesikia linavyopita," nikamjibu.

"Sasa?"

"Sasa nini? Nikae na mkwe wangu ndani ya bati moja saa moja na nusu? Kwenda na kurudi?"

"Mama, siku hizi watu wanapanda."

"Watu gani? Watu wangu hawapandi."

Sisi ni Wasukuma, na mimi nimelelewa na mama asiyefanya mzaha. Mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawakai chumba kimoja wakatazamana. Wakikutana kwenye njia, mmoja anapisha kichakani na mwenzake anapita akitazama pengine. Mama yangu alimpisha mume wangu kwa miaka ishirini na mitatu na siku anakufa hakuwa amewahi kumwangalia usoni. Vijana wanaona ni chuki. Si chuki. Ni namna ya kusema kwamba huyu ni mzito kwangu. Lakini mambo haya yalipangwa na watu waliotembea kwa miguu. Kwenye njia unapisha. Ndani ya gari unapishia wapi?

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nilisimama barabarani.

Gari lilisimama. Mkwe wangu alishuka, akageuza uso upande wa mashamba, akasema, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba kwa yale mashamba. Akanifungulia mlango wa nyuma akiwa ametazama kule kule. Nikakaa nyuma yake kabisa, ili nione kisogo tu, nikajifunika khanga hadi kwenye paji la uso. Alipokaa nikaona kitu. Kile kioo cha ndani, cha kumtazama anayekuja nyuma, alikuwa amekigeuza juu. Kilikuwa kinatazama paa.

Nikaelewa. Amekigeuza ili asinione wala nisimuone. Nilisema moyoni, huyu kijana amelelewa. Jioni nikamwambia binti yangu, "Mume wako ana adabu." Sikuwahi kumsifia mume wake hata mara moja tangu harusi. Binti yangu alifurahi, na nina hakika alienda kumwambia. Kwa hiyo lile la kioo liwe juu yangu pia.

Uji ukawa tayari saa mbili kasoro kila siku. Bosi akawa anatabasamu. Na mimi nikawa ninakaa kwenye kile kiti kama mtu aliyefungwa kamba. Hakuwasha redio, kwa heshima. Hakupokea simu za rafiki zake, kwa heshima. Nikikohoa, anapunguza mwendo, anadhani naumwa. Kwa hiyo nikaacha kukohoa. Naijua ile shingo kuliko ninavyojua uso wangu. Ana kovu dogo chini ya sikio la kushoto, na nywele zake anazikata Jumamosi. Daraja la Busisi ni zuri, watu wanalisifia, maji huku na huku na jua linatoka; mimi nililiona kwa pembe ya jicho tu, kwa sababu kugeuza shingo kungeonekana ni kuzungukazunguka ndani ya gari la mkwe. Tulipita Bujora kila siku. Pale wageni huoneshwa nyumba na ngoma za wazee wetu. Hawaoneshwi mama mkwe kwenye kiti cha nyuma.

Shida ya kwanza ilikuwa haja ndogo. Mtu wa umri wangu haendi saa moja na nusu bila kushuka. Wiki ya kwanza nilijizuia hadi macho yakatoa machozi. Wiki ya pili nikapata njia. Nilimpigia simu binti yangu, niko pale pale nyuma, nikanong'ona.

"Mwambie nataka kushuka."

"Mama, si yuko mbele yako?"

"Mwambie."

Akakata. Simu ya mbele ikalia. "Haloo. Eeh. Eeh. Sawa." Gari likasimama penye vichaka. Mkwe wangu akashuka, akaenda mbele, akafungua boneti, akainamisha kichwa kwenye injini. Nikashuka, nikarudi, nikafunga mlango kwa nguvu ili asikie. Akafunga boneti. Tukaondoka.

Ukawa ndio utaratibu wetu. Siku moja mwendesha bodaboda alisimama kumsaidia.

"Kaka, imechemka?"

"Hapana."

"Betri?"

"Hapana, iko sawa."

"Sasa mbona umeifungua?"

Mkwe wangu akainama zaidi kwenye injini. Nilikuwa kichakani, ninamsikia, na ninakiri nilicheka ndani ya khanga.

Hivyo tukaenda miezi. Ningeweza kuendelea hivyo hadi nife, nadhani. Nilikuwa nimebanwa, lakini kubanwa kwenyewe nilikujua.

Sasa nieleze ile asubuhi. Kioo cha pembeni cha kulia kilikuwa kimevunjwa na ng'ombe wa jirani siku chache kabla, na alikuwa hajaweka kingine. Tulikuwa tumeshaiacha Usagara, tunakwenda Kisesa. Mbele yetu kulikuwa na mtu wa baiskeli amebeba magunia ya mkaa, anayumba. Mkwe wangu akaanza kutoka kulia ampite. Mimi, kwa bahati, nilikuwa nimegeuka kuokota simu iliyoteleza kitini, na kwenye dirisha la nyuma nikaona taa. Lori la mchanga. Lilikuwa limeshaanza kutupita sisi, liko upande wetu wa kulia, linakuja na nguvu zake zote, na yeye halioni. Kioo cha ng'ombe hakipo. Kioo cha heshima kinatazama paa.

Nitasema nilichofanya, ingawa kinanitia aibu. Nilibonyeza namba ya binti yangu.

Niliisikia ikiita. Mara moja. Mara mbili. Ninaliona lori, ninasikia simu inaita kijijini, na ninasubiri mwanangu apokee ampigie mume wake aliye mbele ya magoti yangu, amwambie mama amesema kuna lori. Naapa nilisubiri. Kisha nikamshika bega. Nilimshika kwa mkono wangu wote, nikamvuta kushoto, nikasema, "Lori. Rudi."

Akarudi. Lori lilipita na honi yake na upepo wake, gari letu likatikisika kama kikapu. Yule wa baiskeli aliingia mtaroni na mkaa wake, hakuumia. Mkwe wangu akasimamisha gari pembeni. Mkono wangu ulikuwa bado begani kwake, nikautoa kidole kimoja kimoja. Kwenye mapaja yangu simu ilikuwa inasema, "Haloo? Mama? Haloo, kuna nini?"

"Hakuna," nikamwambia. "Endelea na kazi zako."

Mkwe wangu akashuka. Akamsaidia yule mtu kuinua mkaa. Halafu akaenda mbele akafungua boneti, akakaa hapo na kichwa chini muda mrefu, na mimi nilikuwa sina haja yoyote.

Jioni binti yangu alikuja na uso mwingine.

"Amesema upumzike, mama."

"Nani?"

"Baba watoto. Anasema akikuua barabarani atausimulia nini ukoo. Anasema uache kazi. Kila mwisho wa mwezi atakuletea unga, sukari, sabuni, chochote. Na hataki shukrani."

"Yeye ameyasema yote hayo?"

"Amelia, mama."

Angenitukana ningejua la kumjibu. Mtu anapokufungia mlango kwa wema, huna hata pa kupiga teke. Nilimwambia binti yangu kwamba nimesikia, na kwamba kesho napanda kivuko.

Nilipanda kivuko. Siku ya kwanza tulivuka vizuri, ziwa limelala, na wenzangu wa benchi wakanipokea kwa maneno yao. "Karibu tena kwa maskini," akasema muuza karanga. "Tulisikia umekuwa mama wa gari." Nikala karanga zake, nikazungumza hadi koo likakauka, nilikuwa nimekaa miezi bila kuzungumza asubuhi. Nilikohoa nilivyotaka. Nikafika kazini mapema. Nikasema, basi, hapa ndipo pangu.

Siku ya pili upepo ulianza kabla hatujapanda. Tulikaa Kamanga. Nilihesabu mawimbi, nikaacha. Mama wa usafi aliniuliza kwa nini sikai chini. Nilikuwa nimesimama kwa sababu nilidhani nikisimama tutaondoka.

Nilipoingia karakana ilikuwa saa tatu na nusu, na moshi ulikuwa unatoka jikoni kwangu. Binti mmoja wa mtaa wa jirani alikuwa ameshika mwiko wangu. Alinisalimia vizuri, shikamoo bibi, akaendelea kukoroga. Alikoroga vizuri. Nilitafuta kosa katika mkono wake sikuliona.

Bosi akasema, "Ni leo tu, Bibi. Nimemwita asaidie."

"Sawa," nikasema. Nikachukua kisu nikaanza kukata nyanya. Anayeitwa leo kusaidia, kesho anajua mahali chumvi ilipo.

Jioni, kwenye kivuko cha kurudi, sikuongea na mtu. Nilipima. Kwenye maji nina kinywa changu, miguu yangu, watu wangu, lakini sina saa. Kwenye gari nina saa, na vingine vyote naviacha mlangoni. Nikiacha vyote viwili, kuna mfuko wa unga utakaokuja kila mwisho wa mwezi na mimi nitasimama nyuma ya mlango kuupokea. Nilipima vile vitu vitatu hadi tukagonga gati, na kila nilipopima nilikuta kwamba saa imeshaniamulia.

Asubuhi nilisimama barabarani. Sikumpigia binti yangu. Gari lilipotokea nilinyoosha mkono, nadhani alishangaa, kwa sababu lilinipita kidogo ndipo likasimama. Akashuka, akageukia mashamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sikiliza." Na mimi nikageukia mashamba ya upande wa pili. Tulisimama hivyo, mgongo kwa mgongo, watu wangepita wangedhani tunachunga. "Kazi siachi. Unga wako wape watoto wako. Na kile kioo kirudishe mahali pake."

Nikasikia viatu vyake vikisugua changarawe.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Lakini nikikirudisha nitakuona."

"Utaniona. Mimi nitaangalia ziwa."

"Ziwa ni pale darajani tu, mama."

Sikutegemea kwamba angejibu. Ilikuwa mara ya kwanza kunijibu kitu ambacho siyo salamu, na sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo ndani yake, cha woga.

"Basi pasipo na ziwa nitaangalia pamba," nikasema. "Endesha, mafundi wanataka uji."

Akakirudisha kioo. Ameweka na kile cha kulia, kipya. Hiyo ni miezi sita sasa. Yule binti wa jirani hajaitwa tena na mwiko ninao mimi. Mama yangu angeniona angetema mate chini, na sina la kumjibu. Mwanzoni nilishusha khanga hadi puani, nikawa ninaangalia nje mpaka shingo ikauma upande mmoja. Siku hizi nimechoka, naangalia mbele. Macho yetu yanakutana kwenye kioo labda mara mbili kwa safari, naye anayaondoa haraka, nami nayaondoa. Nilidhani heshima ikilegea nitapumua. Sikupumua. Zamani ukimya wake nilijua unatoka wapi, ulikuwa ukuta na mimi niliuegemea. Sasa ananisemesha. Ananiuliza kama nimelala vizuri, kama mguu bado unauma, kama mafundi ni wengi. Lazima nijibu, kwa sababu nimemfungulia mwenyewe. Nikitaka kushuka, ninasema, "Simama," na bado anakwenda kufungua boneti.

Jana kulikuwa na ukungu pale Busisi. Tulipoanza kupanda daraja alinitazama kwenye kioo.

"Mama, unasikia baridi?"

"Hapana," nikasema. Dirisha langu lilikuwa wazi kidogo, na kupitia hapo nilikuwa nasikia maji.

Akabonyeza kitufe cha mlangoni kwake bila kugeuka, dirisha langu likapanda hadi juu, na maji sikuyasikia tena.